Tembelea Visiwa vya Maji Baridi

Kila zinapokaribia likizo za shule maswali ya nyumbani huwa ni yale yale. Watoto wauliza, "Tutakwenda wapi?" na baba hutazama mfuko wake kabla ya kuitazama ramani. Sisi watu wa Pwani tumezoea majibu mepesi. Mwenye jamaa Unguja huwapeleka watoto Unguja, mwenye nasaba ya Lamu huenda Lamu, na asiye na jamaa kisiwani hukaa ufukweni mwa mji wake, akala mihogo ya kuchoma, kisha akarudi nyumbani magharibi. Hakuna ubaya wowote. Lakini ndani ya majibu hayo mna dhana moja iliyojificha, nayo ni kwamba visiwa ni vyetu sisi peke yetu, na kwamba mtu akishapita Korogwe au Voi kuelekea bara hakuna tena la kutazama ila vumbi na ng'ombe.

Dhana hiyo si kweli, na leo nataka nikueleze habari za visiwa ambavyo maji yake hayana chumvi. Desemba iliyopita niliwachukua mke wangu, watoto watatu na shangazi yangu, mzee wa Wete aliyekwisha kupita miaka sabini, tukaenda Mwanza na kutoka hapo tukavuka kwenda Ukerewe. Niliyoyaona nitakueleza kwa mafungu, mengine kwa urefu na mengine kwa mkato, ili nawe ukitaka kwenda uwe na pa kuanzia.

Kwanza, usidhani kwamba wewe ni mtu wa kwanza wa Pwani kufika huko. Wazee wetu waliokwenda na misafara walilijua ziwa lile kabla ya Mzungu yeyote kulitia machoni, na wakiliita Bahari ya Ukerewe. Speke alipolifika pande za Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, alikuwa amekwisha kupewa habari zake na wafanya biashara Waarabu wa Kazeh, yaani Tabora ya leo, na katika watu aliofuatana nao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, ambaye safari za Wazungu wengi zilimtegemea. Speke alilipa ziwa jina la malkia wake, na jina hilo ndilo lililobaki katika ramani. Wenyewe waliita Nyanza.

Basi wazee wetu walifika, lakini tusijidanganye kuwa walikwenda kwa ajili ya kubarizi. Walikwenda kwa biashara ya pembe, na tusifiche, ya watu pia. Yupo mmoja aliyeitwa Sungoro, ambaye Stanley alimkuta Kageyi, karibu na Mwanza, mwaka 1875. Sungoro alikuwa akiunda jahazi, jahazi kama letu la bahari, kwa mbao za huko huko ziwani. Desemba 1877 aliuawa Ukerewe pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza, Smith na O'Neill, katika ugomvi na Mtemi Lukonge. Yasimuliwa kuwa jahazi hilo na malipo yake vilikuwa katika chanzo cha ugomvi. Nakutajia habari hizi kwa sababu mtu anayekwenda ugenini yafaa ajue wageni waliomtangulia walikuwa ni wageni wa namna gani.

Sasa tuingie katika safari yenyewe. Mtu wa Pwani akifika ukingoni mwa Ziwa jambo la kwanza litakalomshangaza ni kwamba maji hayaendi popote. Hakuna kupwa wala kujaa. Mwanangu mdogo alipanda kijiti ukingoni asubuhi, akarudi alasiri kukitazama kama afanyavyo nyumbani, akakikuta pale pale maji yalipo. Alidhani amedanganywa. Hakuna harufu ya chumvi, hakuna mikoko, na minazi ni ya kutafuta. Lakini maji ni mengi kiasi cha kutoona ng'ambo: eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 68,800, nalo ndilo ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika. Tena liko juu sana, mita 1,134 kutoka usawa wa bahari yetu, ndiyo maana usiku utatamani shuka la pili.

Jambo la pili lahusu saa na ibada, nalo watu wengi hulisahau. Mwanza iko magharibi mwetu kwa masafa makubwa, kwa hiyo jua huchelewa kuchwa kwa kiasi cha nusu saa ukilinganisha na Mombasa, Tanga au Dar es Salaam. Ratiba ya sala uliyoibandika ukutani kwako haikufai huko. Ukiitegemea utaadhini Magharibi na jua ungali waliona, na ikiwa umefunga utafungulia mchana. Uliza msikiti ulio karibu nawe, na misikiti ipo, mjini Mwanza na Nansio pia. Kibla nacho ni kaskazini kilichoegemea mashariki kidogo. Shangazi yangu aliridhika tu alipoonyeshwa na muadhini mmoja kwa mkono wake.

Jambo la tatu ni la afya, na hapa nakuomba unisikilize. Mtoto wa Pwani akiona maji huvua shati. Katika Ziwa usimruhusu. Kandokando ya maji, hasa penye majani na matope, hukaa konokono wadogo wanaobeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hutoka majini na kupenya katika ngozi ya mtu anayeoga au hata anayetia miguu tu, wala hasikii kitu siku hiyo. Maradhi huja baadaye, tumboni na katika ini. Dawa yake ipo, tena ni ya vidonge, lakini kinga ni rahisi zaidi kuliko dawa. Fauka ya hayo kuna mamba na viboko. Wenyeji watakuambia pa kukaa mbali. Na chandarua usiache nyumbani, kwani malaria ya mkoa ule si mzaha.

Baada ya hadhari hizo, tutazame mazuri. Mji wa Mwanza wenyewe ni wa kutazamwa. Milima yake imejaa majabali makubwa ya mviringo yaliyopandana, hata waona kama kwamba mtoto wa jitu alikuwa akicheza akaitwa kula kabla hajamaliza. Nyumba zimejengwa baina ya majabali, juu yake na chini yake. Jabali maarufu kuliko yote limesimama ndani ya maji karibu na mji, na Wadachi, walioweka kituo chao hapo mwaka 1892, waliliita Bismarck kwa jina la waziri wao mkuu. Wadachi wamekwenda, Bismarck amekufa zamani, na jabali lingali na jina lake. Kila jioni watu huja kupigwa picha hapo.

Ukitaka kujua mji unakula nini na unaishi kwa nini, nenda Mwaloni, Kirumba, asubuhi na mapema. "Mwalo" katika lugha ya huko ni pale vyombo vya uvuvi vinapopanda pwani. Utakuta dagaa wakavu wamelundikwa kwa magunia, wakisafirishwa mpaka Kongo na kwingineko. Dagaa hao huvuliwa usiku kwa taa. Ukisimama mahali palipoinuka usiku usio na mwezi utaona taa zimejipanga juu ya maji kama mji mwingine uliojengwa ziwani. Utakuta na sangara, samaki mkubwa mwenye mafuta, ambaye si mzawa wa ziwa hilo. Alitiwa humo na watu katika miaka ya 1950 na 1960, akanenepa, akaleta fedha na viwanda, na wakati huo huo akawala furu, samaki wadogo wa asili, hata aina nyingi zikatoweka zisionekane tena. Mvuvi mzee aliyetueleza haya hakusema kama ni hasara au faida. Alisema tu kwamba furu walikuwa watamu.

Kisiwa cha Saanane kiko karibu mno, safari ya dakika chache kwa boti. Hapo ndipo palipoanzishwa bustani ya wanyama mwaka 1964, na tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo mno, ya kilomita za mraba 2 na ushei. Kuna swala, kuna pimbi wanaoota jua mawenzi kwa mawenzi, kuna tumbili wezi, na kuna mijusi wenye vichwa vyekundu na viwiliwili vya buluu ambao watoto wangu waliwapenda kuliko swala. Pana vivuli vya kukaa. Tulikula hapo chakula tulichokipika wenyewe, tukasali Adhuhuri na Alasiri juu ya jabali bapa, na gharama ya siku nzima ilikuwa ndogo. Kwa familia yenye watoto wadogo sijui mahali bora zaidi katika mji ule.

Mwenye hamu ya kujua mila za Wasukuma aende Bujora, karibu na Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini. Pana makumbusho yaliyoanzishwa na mapadri, na humo mna ngoma, viti vya watemi, zana za wafua chuma na nyumba za kienyeji. Msomaji mwenye kusitasita kwa sababu pahali hapo pana kanisa, namwambia kwamba hakuna aliyetuuliza dini yetu mlangoni, wala hakuna lililotulazimu kufanya tusilolitaka. Tulijifunza kusalimia. Asubuhi husemwa "Mwangaluka". Neno hilo moja lilitufungulia milango mingi kuliko noti zilizokuwa mfukoni mwangu.

Na Rubondo je? Nimeulizwa swali hili na watu wawili watatu tangu niliporudi. Rubondo ni kisiwa kikubwa upande wa magharibi wa Ziwa, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, na kufika kwake kumekuwa kwepesi zaidi tangu lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi mwezi Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, badala ya kungoja kivuko. Ajabu ya Rubondo ni sokwe wake. Baina ya mwaka 1966 na 1969 waliachiliwa huko sokwe 17 waliotolewa Ulaya, katika bustani za wanyama na sarakasi, wanyama waliozoea vizimba na kulishwa kwa mkono. Wakajifunza upya kujitafutia, wakazaana, na wajukuu wao leo wanamkimbia binadamu kama mnyama yeyote wa mwituni. Tembo na twiga nao walipelekwa. Lakini gharama za Rubondo ni za watalii wakubwa, nasi hatukufika. Mwenye uwezo aende.

Sisi tulikwenda Ukerewe. Meli kutoka Mwanza hadi Nansio huchukua kiasi cha saa tatu, na waweza pia kuzunguka kwa barabara kupitia Bunda ukavuka kwa kivuko kutoka Kisorya hadi Rugezi. Kisiwa kina kiasi cha kilomita za mraba 530, nacho ni kikubwa kupita visiwa vyote vya maziwa ya Afrika. Wilaya yake, pamoja na visiwa vidogo vingi vilivyokizunguka, ilikuwa na watu zaidi ya 350,000 katika hesabu ya mwaka 2022. Basi usitazamie kuona pori la kujificha. Utaona mashamba ya mihogo, viazi na mpunga, michungwa mingi, baiskeli zilizopakia hadi zimeinama, na watoto wa shule wakienda kwa makundi. Machungwa ya Ukerewe ni matamu, na mwenye mti hukupa kabla hujauliza bei.

Kabla ya kwenda nakushauri utafute kitabu cha Aniceti Kitereza, mzee wa kisiwa hicho, kiitwacho Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alikiandika kwa Kikerewe akakimaliza mwaka 1945, kikakaa miaka mingi bila ya mchapishaji, mpaka mwenyewe akakitia katika Kiswahili na kikatoka Dar es Salaam mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Ni kitabu kirefu kuhusu mume na mke waliokosa watoto, lakini ndani yake mna adabu zote za Wakerewe: mgeni apokewaje, aketishwe wapi, aletewe nini kwanza, na yeye mgeni ajibu vipi. Mke wangu alikisoma njiani kwa sauti, na tulipofika tulikuwa hatushangazwi na kila kitu.

Hapo ndipo nataka kusema neno juu yetu sisi. Nimewaona wenzetu wa Pwani wakienda bara kwa kiburi cha lugha. Mwenyeji akisema "naomba kuuliza" kwa lafudhi ya kwao, mgeni hucheka. Mwanamke akianika dagaa mchangani mgeni humpiga picha bila ya idhini, tena karibu na uso, kama kwamba ni mbega. Lau mgeni angeingia uani kwako Mombasa au Tanga akampiga picha mkeo akikuna nazi, ungemfanya nini? Niliwaambia watoto wangu simu isitoke mfukoni mpaka mtu asalimiwe na kuombwa. Wengi walikubali. Bibi mmoja alikataa, nasi tukamshukuru kwa kukataa kwake, akatupa dagaa wa kukaanga.

Sasa nafika katika jambo ambalo hasa lilinifanya nishike kalamu. Ziwa lile ni zuri, lakini si bwawa. Upepo wake hubadilika ghafla, na usiku hujikusanya mvua za radi ambazo wavuvi huziogopa kuliko tunavyouogopa Kusi mkali. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa walikadiriwa kukaribia 900, na hesabu ya hakika haikupatikana kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Makaburi yao yako Igoma, nje kidogo ya mji. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio, na watu walikuwa wakirudi na mahindi na bidhaa zao. Kivuko cha watu 101 kiliua watu 228, mita chache tu kabla ya gati la Bwisya, watu wa pwani wakiona kwa macho. Sisi wa Pwani hatuna la kuwacheka. Septemba 2011 tulizika wa Spice Islander, na Julai 2012 wa Skagit.

Siku tuliyotaka kwenda Ukara tulifika Bugolora kivuko kimekwisha kuondoka. Palikuwa na boti ya mbao yenye injini ikipakia. Vijana wakatuita, "Njooni, nafasi ipo!" Tulipanda. Nauli nikalipa. Watoto wakakaa juu ya magunia. Kila nilipodhani sasa tutang'oa nanga waliingia watu wengine, na kreti za soda, na mbuzi wawili, na godoro. Maji yalikuwa yamekaribia ubao wa juu kwa shibiri moja na nusu hivi. Jaketi za kujiokolea niliziona nne, zimefungwa pamoja kwa kamba, zinakaliwa.

Shangazi alikuwa kimya, ana tasbihi mkononi. Nilidhani anavuta uradi. Kumbe alikuwa akihesabu watu, chembe moja mtu mmoja. Alipofika thelathini na tatu akaanza tena, na alipokuwa amekwisha kuvuka nusu ya mara ya pili akaifunga tasbihi kiganjani akasema, "Mwanangu, niteremshe."

Kijana wa injini akamwambia kwa upole, "Bibi, usihofu. Sisi tumezoea. Kila siku tunavuka hivi."

Akamjibu, "Na wale wa Spice walizoea, mwanangu. Katika wale mna watu niliowapikia harusi. Niteremshe."

Basi tukateremka sote sita. Sikufurahi, nakwambia kweli. Nauli haikurudi yote. Abiria walicheka, na mmoja alisema watu wa Pwani wanaogopa maji ilhali walizaliwa majini. Mwanangu mkubwa, mwenye miaka kumi na minne, aliona haya hata akainamisha kichwa. Na nafasi zetu sita zilijazwa kabla hatujamaliza kufuta miguu. Hapo ndipo shangazi alipohuzunika, kwa sababu alitumaini kuwa kuteremka kwetu kungewapunguzia wengine mzigo. Alisimama akawaambia waliobaki, hasa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, "Kesho kipo kivuko." Yule mama alisema ana mgonjwa Ukara anayemngojea. Shangazi hakuwa na jibu, wala mimi sina mpaka leo. Ni rahisi kumwambia mtu asubiri ikiwa wewe uko likizoni.

Boti ikaondoka. Tuliitazama mpaka ikawa doa.

Usiku ule tulilala Bugolora kwa mama mmoja muuza samaki, Mkristo, ambaye hakutujua hata kwa jina. Alituona tumesimama na mizigo akauliza, akatucheka kidogo, kisha akatupeleka kwake. Alituhamishia watoto wake wakalala jikoni. Alituuliza kama sisi samaki naye tunataka achinjwe kwanza, kwani alisikia kuwa Waislamu hawali kisichochinjwa. Shangazi alicheka hata machozi yakamtoka, akamweleza kuwa samaki hana taabu hiyo. Tulikula sato wa mchuzi na ugali wa muhogo, mweusi kidogo na wa kunata, ambao watoto waliukataa siku ya kwanza na siku ya tatu wakawa wanaugombania. Alitufagilia pembe ya kusalia, akauliza tunaelekea wapi, akasogeza meza. Asubuhi nilipotaka kumpa fedha alikasirika. Mke wangu akawapa watoto wake daftari na kalamu tulizonunua kwa ajili ya wetu, na hilo alilikubali.

Usiku huo huo mwanangu mkubwa aliniuliza, "Baba, na wakifika salama, si itakuwa tumeteremka bure?" Nilimwambia kuwa uamuzi wa shangazi ulikuwa sawa pale pale alipoufanya, kwa yale aliyoyaona na kuyahesabu, na kufika au kutofika kwao hakutaugeuza. Mtu anayevuka barabara amefumba macho akafika ng'ambo hakuwa na busara, ila ameachiliwa. Kijana hakuridhika sana. Nilimwacha.

Kesho yake tulipanda kivuko, tukafika Ukara kwa utulivu. Ni kisiwa kidogo chenye watu wengi mno, na kila shibiri ya ardhi inalimwa. Wenyeji wana utaalamu wa zamani ambao wasomi wa kilimo wamekuja kuutazama kutoka mbali: ng'ombe hawaachwi wakatangatanga, hulishwa zizini kwa majani yaliyokatwa, na samadi yao hubebwa mpaka shambani, msimu baada ya msimu, ndiyo maana udongo wa mchanga umelisha vizazi na vizazi. Lipo pia jiwe kubwa lililokaa juu ya jingine ambalo husemwa kuwa hucheza. Tulilitazama. Watoto walidai limetikisika, mimi sikuona, na shangazi alikataa kupanda mlima kwa ajili ya jiwe.

Yeye alitaka kwenda Bwisya, kwenye makaburi ya wale wa MV Nyerere. Miongoni mwa waliolala hapo wapo ambao hawakutambuliwa. Alisimama pembeni kwa muda, hakusema kitu cha kusikika. Tulipokuwa tukirudi gatini akatokea yule kijana wa injini wa jana, mzima, na kikombe cha chai mkononi. Akamwamkia shangazi shikamoo, akasema kwa furaha, "Unaona bibi? Tulifika!"

Shangazi akamshika mkono, akamwambia alhamdulillahi, nami niliona amefurahi kwa dhati. Kisha akamuuliza, "Mlikuwa watu wangapi?"

Kijana akafikiri. "Hatukuhesabu, bibi."

Shangazi akamuuliza jina lake na la mama yake, akampa zile chungwa tatu zilizobaki kapuni, na alipokuwa akipanda kivuko akamtaka mwanangu mkubwa akae karibu na sanduku la jaketi, ahesabu ziko ngapi.